Jimny, Cami, Escudo au RAV4: ipi inatoka kwenye mbuga ya Kwimba mvua ikinyesha?

mzigo_wa_ngudu

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Mimi niko Mwanza, nakaa Buhongwa, nina duka la dawa za mifugo na viuatilifu vya pamba na wateja wangu wengi wako vijijini Kwimba na Magu, wengine wako Ukerewe ambako naendaga kwa kivuko cha Kisorya. Mpaka sasa natumia pikipiki na kukodi Noah za watu, kiangazi hakuna shida kabisa ila pamba ikishapandwa mwezi wa 11 na wa 12 ndo wateja wanataka dawa na ndo mvua nayo inashuka, na zile njia za mbuga, ule udongo mweusi unaonata, mnazijua wenyewe, Noah ikiingia pale inasubiri maksai.

Nataka ninunue kagari kadogo ka 4WD, hela yangu haizidi milioni 20 na matengenezo ya kuanzia yawe humo humo. Nilizoziona mpaka sasa ni Jimny ya zamani ile ya cc 660, Toyota Cami, Escudo ile ya kuanzia 2005, na RAV4 ile ya kwanza kabisa ya milango mitano. Kila ninayemuuliza anasifia ya kwake. Sitaki kujua ipi inakimbia lami ya Musoma, nataka kujua ipi inatoka kwenye tope la mbuga na ipi inapita kwenye mchanga wa ziwani ikiwa na mimi, kijana wangu mmoja na mzigo wa kilo 150 mpaka 200 nyuma. Alafu kitu kingine, gari ikiandikwa 4WD ndo zote sawa au zinatofautiana?

fundi_wa_nyakato

Mkuu hilo swali lako la mwisho ndo lenye jibu lote. Haziko sawa hata kidogo, na watu wanapoteza hela zao hapo hapo.

Anza na Jimny. Ile cc 660 unayosema ni JB23, imetengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2018, ina chasisi kabisa kama gari kubwa, ekseli ni za kipande kimoja mbele na nyuma, springi za koili kote, na 4WD yake unaiwasha mwenyewe ukiihitaji, una 4H ya mwendo wa kawaida na una 4L, ndo ile gia ya low ya kutambaa taratibu kwa nguvu. Ekseli ya kipande kimoja maana yake tairi moja ikipandishwa na jiwe ya upande wa pili inasukumwa chini, inaendelea kukanyaga, na chuma cha ekseli hakishuki kuja kugonga. Mbele yake fupi, nyuma yake fupi, na tairi na tairi ziko karibu kwa hiyo tumbo halikalii tuta. Na uzito wake ni karibu tani moja tu. Ukiniuliza kwa kutoka matopeni peke yake bila kuangalia mzigo, kwenye hizo 4 hakuna ya kuifikia.

Cami ni Daihatsu Terios iliyobandikwa nembo ya Toyota. Hii 4WD yake ni ya muda wote, kuna difu ya katikati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na kuna kitufe cha kuiloki. Nyuma ina ekseli ya kipande kimoja, mbele kila tairi inajitegemea. Nyepesi pia. Ila haina gia ya low, na hapo ndo inapoachwa.

RAV4 ya kwanza ilitoka 1994, bodi moja bila chasisi, tairi zote 4 zinajitegemea, haina low. Ile ya manual ndo ilikuja na kitufe cha kuloki difu ya katikati, otomatiki haina kitufe hicho, gari inaamua yenyewe. Nzuri kwenye changarawe na matope ya juu juu. Na angalia sana mkuu, RAV4 na Cami zote zipo ambazo ni za tairi mbili tu, mtu anakuuzia kwa sura. Lala chini ya gari kabla hujaongea bei, kwenye RAV4 utafute shafti ya kwenda nyuma na difu ya nyuma, kwenye Cami utafute difu na drive shafti za mbele maana Cami ya tairi mbili inavuta kwa nyuma.

Escudo ya 2005 kuja juu nayo ni bodi moja lakini chasisi imechomelewa humo humo ndani, 4WD ya muda wote, difu ya katikati inalokika na ina 4L. Kwa karatasi imekamilika. Shida zake mbili, tairi zote zinajitegemea kwa hiyo kwenye mashimo ya kupishana tairi moja inabaki hewani, na ni nzito, tani moja na nusu na kitu.

Dada wa Chanjo

Kaka mimi natumia Cami Ukerewe kwa kazi ya mifugo, kwa hiyo nakwambia nilichokiona na sio nilichosikia. Kule udongo mwingi ni wa mchanga, ule tunaouita luseni, na kwenye mchanga Cami ukishapunguza upepo inapita vizuri mno. Kawaida tairi zangu nazijaza kama 26, nikifika kwenye mchanga wa mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, nashusha mpaka 16 au 18, nabonyeza ile loki, nakaa gia ya pili na sisimami mpaka nitoke. Nina kapampu kadogo ka kuchomeka kwenye soketi ya sigara narudishia upepo nikitoka. Ziwa lilipojaa ile 2020 na tena 2024 njia nyingi za mialoni zilifunikwa tukawa tunapita pembeni kwenye mchanga mtupu na majani, haijaniangusha.

Ila fundi amesema kweli kuhusu low. Nikiwa na friji ya chanjo, maboksi na watu wawili, kile kilima cha mawe na mchanga nalazimika kukipanda kwa kasi maana nikipunguza tu gari inazima au klachi inaanza kunuka. Kwa mwenye low angepanda taratibu kama anatembea. Kwa mzigo wako wa kilo 200 kila wiki hiyo klachi utaibadilisha mapema, na kama ni otomatiki basi oili ya gia boksi itachemka. Na mbuga ya Kwimba sio luseni, huko sikushauri Cami mvua ikiwa imeshiba.

Ngosha_Magu

Nunua Land Cruiser Hardtop mkuu uachane na hizi, hizi za mjini.

mzigo_wa_ngudu

Ngosha Hardtop kwa milioni 20 utakuwa umenipatia usukani na bodi tu. Turudi kwenye uzi. Dada nashukuru sana kwa hilo la upepo, sikuwahi kufikiria kwamba unashusha hivyo. Fundi sasa Jimny si ndo yenyewe? Mbona naona ndogo sana kwa mzigo wangu?

fundi_wa_nyakato

Ni ndogo kweli, na hapo ndo nilikuwa nakuja. Injini ni cc 660 yenye tabo. Ukikunja viti vya nyuma maboksi yanaingia, lakini piga hesabu, wewe na kijana ni kama kilo 140, weka 200 za mzigo, weka jeki na koleo na dumu la maji, umefika 350 kwenye gari ambayo Wajapani waliipima kubeba watu 4 wembamba. Springi zitalala, nyuma itashuka, na ule uzuri wote wa kimo unaupoteza. Tabo ndogo nayo inataka oili safi kwa wakati, ukichelewesha inakufa. Kama unaipenda Jimny tafuta ya 1.3, zile zinaitwa JB33 na JB43, umbile ndo lile lile ila injini haina tabo na haihangaiki. Ya sasa ya 1.5 ile iliyotoka 2018 hela yako haifiki.

Lakini mkuu mbona umeruka Escudo ya kabla ya 2005? Ile iliyotoka 1997 na 1998 hivi. Ina chasisi ya kweli, nyuma ekseli ya kipande kimoja, ina 4H na 4L ya lever, na milango mitano ina nafasi ya mzigo wako wote na bado kijana anakaa. Uzito wake uko katikati ya Jimny na Escudo mpya. Vipuri vyake mjini hapa havisumbui. Kwa kazi uliyoieleza mimi hiyo ndo ningekununulia.

mzee_wa_ndabaka

Vijana salamu. Nimeendesha watalii miaka mingi kuingilia Ndabaka kwenda ndani Serengeti, ule ukanda wa magharibi ni mbuga tupu, udongo mweusi ule ule wa Kwimba. Naomba niseme jambo ambalo naona mnalipita haraka.

Mbuga sio tope la kawaida. Ule udongo ukikauka unapasuka nyufa mpaka mguu unaingia, ukilowa unavimba na unanata. Kinachokukwamisha mara nyingi sio kwamba gari imekosa nguvu, ni kwamba tairi zimejaa. Udongo unaziba mifereji yote ya tairi, tairi inakuwa laini kama ndizi iliyomenywa, alafu unaendelea kujaa kwenye kiota cha tairi mpaka tairi yenyewe haizunguki. Nimeona gari kubwa zenye kila loki ya dunia zimekaa pale kwa sababu zimevaa tairi za lami. Na nimeona kijana na kajimny kake kamevaa tairi za matope zenye meno yaliyoachana anapita kando yao. Kwa hiyo kwenye hiyo milioni 20 toa kabisa hela ya tairi 4 za matope kabla hujaagiza gari, na ubaki na nafasi kati ya tairi na bodi, usivalishe tairi pana za kupendeza.

Pili, usiingie mbuga mara tu mvua ikikatika. Subiri masaa, jua likipiga juu panakaza ngozi, unaweza kupita. Waulize wenye mikokoteni, wao wanajua siku ipi njia inapitika.

Tatu kuhusu difu maana fundi hakumaliza. Hata ukiloki difu ya katikati, difu ya mbele na ya nyuma ziko wazi. Maana yake tairi moja ya mbele ikipoteza mshiko na moja ya nyuma upande wa pili ikapoteza, nguvu yote inaishia kwenye hizo mbili, zinazunguka bure na wewe umesimama. Hapo ndo ekseli za kipande kimoja zinakusaidia maana tairi zinabaki chini, na hapo ndo Escudo mpya na RAV4 zinapotaabika.

escudo_ya_igoma

Shikamoo mzee, ila naomba nipingane kidogo kwa heshima. Mimi nina Escudo ya 2007, cc 2000, na naenda Sumve na Malya nayo masika na kiangazi. Hii gari mnaisema nzito sawa, lakini ukiweka 4L na loki inatambaa yenyewe bila kukanyaga mafuta, mteremko wa mawe inashuka kwa gia bila kugusa breki. Ni kweli inanyanyua tairi kwenye mashimo ya kupishana, nimeona hilo, lakini ni mara ngapi njia ya kijijini inakuwa hivyo? Nyingi ni mitaro ya matairi ya trekta na madimbwi. Na mtu anayetoka Buhongwa mpaka Ngudu kilomita nyingi za kwanza ni lami na changarawe, kwenye Jimny utaumia mgongo, springi zake zinarusha na kwenye lami yenye upepo inayumba. Mwenzetu sio mwanamashindano, ni mfanyabiashara, anarudi usiku amechoka.

Na kuhusu tairi nyembamba na pana, kule mchangani pana inasaidia mzee.

mzee_wa_ndabaka

Marahaba kijana. Mchangani sawa, ndo maana yule binti anashusha upepo, tairi inalala inakuwa ndefu chini bila kununua pana. Kwenye mbuga pana inakusanya udongo mwingi zaidi na inakuburuza juu juu. Yeye anakwenda kote kuwili kwa hiyo achukue ya saizi ya kawaida ya gari, yenye meno, alafu acheze na upepo. Trekta ndo tatizo lako kubwa wewe, ile mitaro yake ni mipana kuliko gari hizi ndogo, ukishuka na upande mmoja tu tumbo linakaa. Jimny na Cami ni nyembamba, zinaweza kupita na tairi moja juu ya tuta la katikati na nyingine pembeni. Escudo yako inaweza?

escudo_ya_igoma

Hapo umenibana mzee, mara nyingi natafuta njia nyingine shambani kwa mtu.

Dada wa Chanjo

Alafu wenye mashamba wanatununia sote 😄 Kaka mwenye uzi, kuna kitu kimoja hakijasemwa, maji. Ukivuka korongo angalia mdomo wa hewa wa injini uko wapi, kwenye gari nyingi ndogo uko chini kuliko unavyodhani, nyuma ya taa. Shuka kwanza uingie kwa mguu wako, maji yakizidi katikati ya tairi geuza. Na sehemu zinazoingia mto Simiyu hata kama yanaonekana kidogo asubuhi, mvua ikinyesha huko juu yanakuja ghafla.

mzigo_wa_ngudu

Aisee nimejifunza vitu ambavyo wauzaji hawajawahi kuniambia. Nimemsikia mzee, nimemsikia fundi, na escudo_ya_igoma hoja ya kurudi usiku nimechoka imenigusa kweli. Kwa jinsi ninavyoona Jimny 1.3 au hii Escudo ya zamani ya chasisi ndo zimebaki, na kwa mzigo naegemea Escudo. Leo jioni nimetafuta nimeona moja iko Igoma, 1999, milango mitano, manual, mwenye nayo anasema 4WD inafanya kazi. Fundi naijaribuje mimi nisiye fundi nijue anasema kweli?

fundi_wa_nyakato

Usikubali akakuwashia taa ya 4WD kwenye lami ukaridhika, taa inawaka hata tairi za mbele zikiwa hazivuti. Mwambie mwende sehemu ya changarawe au mchanga mlegevu, hapo Igoma hazikosekani njia za kupanda vilimani. Simamisha gari, weka 4H, kata usukani mpaka mwisho alafu zunguka taratibu. Kama 4WD imeshika gari inakuwa nzito, inajikaza, unasikia kama kuna mtu anaivuta. Ndo sababu hairuhusiwi kuiwasha kwenye lami kavu, tairi za mbele na nyuma hazizunguki sawa ukikata kona na hapo kwenye lami hakuna pa kutelezea, unavunja vitu. Ikizunguka nyepesi tu kama kawaida basi mbele hakuna kitu.

Kisha nenda kwenye kilima chenye udongo mlegevu, weka 4L, gia ya kwanza, usikanyage mafuta, achia klachi polepole. Inatakiwa ipande yenyewe. Kijana wako asimame pembeni, mbali kidogo, aangalie tairi za mbele, zikiteleza kidogo na kurusha changarawe nyuma ujue zinavuta. Sikiliza kelele ya kulia kwenye 4L, mlio wa gia kidogo ni kawaida, mlio wa kugonga sio kawaida. Lever nayo ijaribu, iingie na kutoka bila kupigwa teke. Ikiruka yenyewe kutoka 4L gari ikiwa inavuta, achana nayo.

Baada ya hapo lala chini na tochi. Chasisi igonge na spana kutoka mbele mpaka nyuma, hasa pale juu ya ekseli ya nyuma ambapo matope yanakaa, ikitoa sauti ya bati bovu ni kutu. Gari zilizokaa mialoni zinabeba samaki zinaoza pale. Angalia mipira ya drive shafti za mbele isiwe imepasuka, udongo wa mbuga ukiingia humo joini haimalizi msimu. Fungua oili ya difu zote mbili na ya kigia boksi cha 4WD, ikiwa nyeupe kama maziwa ujue ilizamishwa kwenye maji na hakuna aliyebadilisha.

Ukikosa hiyo ukarudi kwenye Jimny, nyongeza ni mipira ya vakumu inayoshika habu za mbele, zile zinazounganisha tairi na ekseli, inakauka na kupasuka na mtu anaendesha miaka yote akidhani ana 4WD. Na usukani ukiwa kwenye mwendo wa 60 au 70 ukaanza kutetemeka mikononi kwa nguvu, kingpini zake zinataka kazi, shusha bei.

mzigo_wa_ngudu

Nimeinakili yote. Jumamosi asubuhi nakwenda kuiona, kama fundi una nafasi nipo tayari kukulipa tukutane hapo Igoma saa 3, maana hapo kwenye kugonga chasisi sitaki kujifanya najua.

fundi_wa_nyakato

Saa 3 nipo mkuu. Mwambie mwenye gari asiioshe.